Fulana Arobaini Zisizo na Mgongo

Saa mbili asubuhi, mjini Kitale. Phelista Nasambu ameketi kwenye veranda ya duka la turubai karibu na msikiti, mguu uko juu ya kanyagio, lakini cherehani haitembei. Mapajani amelaza fulana nzito ya kijani, ya wale askari wa mpakani. Anaigeuza, anachomeka kidole kwenye tundu la mgongoni, na kidole kinatokea upande wa pili.

"Ona," anasema. "Kimepita. Hakijagusa kitu."

Mwandishi wa makala haya naye anachomeka chake. Kinapita. Ndani kuna turubai, sponji ya godoro, kisha turubai tena. Chuma hakuna. Jamani, na hii ndiyo fulana ya kuzuia risasi!

Mgongo huo aliushona Nasambu mwenyewe.

Mama huyu wa miaka 46 ni mzaliwa wa Bokoli, Bungoma. Baada ya kufiwa na mumewe alikuja Kitale na cherehani moja na wana wawili. Farid Muhdhar, muuza turubai, akampa pembe ya veranda. Hushona sare za shule, mapazia na vitambaa vya viti vya magari. Siku ikiwa nzuri anarudi nyumbani na shilingi mia mbili.

Mwishoni mwa mwaka jana, 2003, gari la kambi moja iliyo mbele ya Endebess lilisimama mbele ya duka. Akashuka Sajenti Munene, mtunza stoo wa kambi hiyo. Alikuwa na fulana ishirini, na askari wake ni arobaini.

"Alisema bajeti imekatwa," Nasambu anakumbuka. "Waliomba fulana mpya wakaambiwa pesa hakuna, mgawane zilizoko. Sasa kila fulana ilikuwa na chuma mbili, moja ya kifua, moja ya mgongo. Akaniuliza, Mama, huwezi kutoa hiyo ya nyuma ukashonea fulana ingine?"

Aliweza, tena haraka.

"Nilifurahi, nisikudanganye. Niliona hiyo ni akili. Si hata watoto wangu nililea hivyo? Blanketi moja nilikata katikati, wawili wakalala. Nguo ya mkubwa nikapunguza, mdogo akavaa. Sasa serikali imekuja kwangu na shida ile ile, mimi ningekataa?"

Ishirini zikawa arobaini. Palipokuwa na chuma cha nyuma akajaza sponji ili fulana isilegee. Sajenti alimsifu mbele ya wateja, na huko juu kwa wanaokata bajeti ikaonekana kila askari ana fulana yake. Basi, kwao tatizo likawa limeisha.

Farid anasema roho yake haikutulia tangu siku ile. "Wallahi nilimuuliza Munene, na huku nyuma je? Akacheka. Akaniambia, 'Askari hakimbii, bwana. Mgongo wa nini?'"

Tulipompata Sajenti Munene, hakuwa akicheka tena.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ishirini wavae, ishirini waende na shati? Kila mwaka tunaambiwa tubane matumizi. Nimebana viatu. Nimebana mafuta ya gari. Doria ilikuwa kila siku, sasa ni mara mbili kwa wiki, na wezi wa ng'ombe wanajua ratiba yetu kuliko sisi wenyewe."

Wakazi wa huko nao wanaijua. Chepkorir, mfugaji wa Endebess, anasema siku ambayo hasikii gari la doria huwaingiza ndama wake jikoni. "Ati nchi inalindwa," anasema. "Mimi nalinda na sufuria. Nikisikia kitu, napiga sufuria mpaka majirani waamke."

Wiki iliyopita gari la kambi lilirudi na gunia la fulana za kufuliwa na kushonwa upya. Nasambu alikuwa akizipanga ndipo akakutana na hilo tundu la risasi. Alimuuliza dereva kama mwenye fulana alikuwa akikimbia.

"Dereva alinikasirikia," anasimulia. "Alisema, 'Kukimbia nini, Mama? Mwenzake alijikwaa. Aligeuka kumwinua.'"

Kijana huyo yuko hospitalini. Yu hai, lakini miguu yake haisikii kitu. Nasambu alipoambiwa hivyo alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya turubai, na Farid akadhani amezimia.

Laiti yangeishia hapo. Siku mbili baadaye mwanawe wa kwanza, Derrick, askari wa miaka ishirini na mmoja, alibisha mlangoni kwa likizo fupi. Alikuwa na habari njema. Amehamishwa kutoka kambi ya mbali, sasa yuko karibu na nyumbani, hapo tu mbele ya Endebess.

"Aliniambia, 'Mathe, huwezi amini! Nimepewa fulana, na mshono ni wako!'"

Nasambu ana mazoea ya kufunga kila pembe kwa msalaba mdogo wa uzi, tangu wanawe walipokuwa wakigombania nguo kwenye kamba. Derrick aliutambua msalaba huo mara moja.

"Nilisema, hapa niko salama bana," Derrick anatuambia, macho yakiwa chini. "Niliwaonyesha hata maboi. Kumbe mathe ndiye anajua vile hakuna kitu."

Mama alimweleza yote usiku huo huo. Kijana akacheka na kusema, "Poa tu. Nitakuwa natembea kinyumenyume."

Mwaka 1996, kule Bokoli, Derrick alipakwa matope akatahiriwa, akasimama wima na hakupepesa jicho. Mamake alikuwa ndani ya nyumba, kama desturi inavyotaka, akangojea kelele za nje zimwambie kama mtoto amesimama au ameogopa. Zilipokuja za furaha, alitoka akiimba.

"Nililea mtoto asigeuke," anasema. "Nilijivunia. Sasa nasikia mtu mzima akisema askari hakimbii, mgongo wa nini, na mimi ndiye nimeshona hiyo maneno ikakuwa nguo!"

Tulimuuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza. Gunia liko hapo miguuni pake, vyuma vimo. Kwa nini asichukue chuma kimoja tu, akamshonea mwanawe mgongo?

Anatutazama kana kwamba tumemtukana.

"Nikimshonea wangu mgongo, natoa kifua cha mtoto wa nani?"



Pamoja na gunia hilo yalikuja maagizo mengine. Kambi imepokea vijana kumi wapya, vyuma havijaongezwa, mama afanye ujuzi wake. Nasambu amekataa. Anajua kazi ya kambi itaenda kwa fundi mwingine, na Farid, aliyekuwa akiuza turubai ya kazi hiyo, amekubali hasara bila kunung'unika.

Lakini hatazirudisha fulana kimya kimya. Kwenye kila ukosi, kwa ndani, mahali ambapo mvaaji hawezi kukosa kuona, anashona maneno kwa uzi mweupe: NYUMA HAKUNA CHUMA. Anataka kila mama ambaye mtoto wake ataivaa awe ameambiwa ukweli, hata kama ni kupitia kwa mtoto mwenyewe.

Mpango wake mkubwa ni wa Agosti. Mdogo wake Derrick, Wabwile, atatahiriwa kule Bokoli, na kaka mtu ndiye wa kusimama karibu naye. Kuku wameshaanza kuhesabiwa. Nasambu anasema siku hiyo hataki makuu, anataka tu kuwaona wote wawili wakiwa wima.

Alhamisi, lori la kambi linamngoja Derrick mbele ya msikiti. Amevaa fulana yake, kwa sababu barabara ya huko si ya kuaminika. Anampa mamake mkono, halafu anaanza kurudi kinyumenyume kuelekea lori, uso kwa mamake, akicheka. Wazee waliotoka kuswali wanampisha. Wauza mboga wanapiga makofi wakidhani ni mchezo wa vijana.

Nasambu hacheki. "Hivyo hivyo, baba!" anamwita. "Usigeuke! Agosti uingie nyumbani hivyo hivyo, mimi nitakupokea!"

Derrick anafika kwenye lori, anapapasa bodi kwa mkono wa nyuma, anatafuta mahali pa kushika. Wenzake wanamhimiza, dereva anapiga honi. Ili apande, inabidi ageuke.