Mbao za Ghala la Kahawa

Mama alizikwa katika jeneza lililotengenezwa na baba mwenyewe. Alikuwa seremala wa kijiji chetu, huku milimani Mbinga. Siku mama alipofariki hapakuwa na mbao kavu. Kwetu mbao haikai, ikipasuliwa leo imeuzwa leo. Ukaangushwa mti wa mlingoti uliokuwa nyuma ya nyumba, ukapasuliwa siku ile ile. Tukawasubiri ndugu wa mbali, na sisi tukisubiri, ule ubao mbichi ukawa unajipinda. Makaburini, padri alipokwisha kunyunyiza maji, kifuniko kikagoma kukaa. Kona moja ilikuwa imeinuka. Baba akaomba nyundo. Alipigilia misumari ya inchi nne juu ya kifua cha mke wake, na mlio ukaenda ukarudi kwenye mashamba ya ngoro, yale ya mashimo, ng'ambo ya bonde. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikasirika, wala sijui nilimkasirikia nani.

Baada ya matanga baba akafunga karakana. Alisema hatagusa tena mbao mbichi, na kwa kuwa nyingine hakuna, basi. Akawa mtu wa kukaa kibarazani, anakula kidogo, anaongea kidogo. Niliona anamfuata mama taratibu, na jambo hilo liliniogopesha kuliko msiba wenyewe.

Mimi nimeolewa Lituhi, kando ya ziwa, nauza usipa, dagaa wa huko. Kule ziwani wengine tunakausha samaki kwenye vichanja vilivyofunikwa nailoni, kwa sababu ya mvua na nzi. Nikajiuliza: jua lililofungiwa ndani linakausha samaki, litashindwaje na ubao? Nikapanda milima na furushi la usipa, pamoja na feni ndogo ya rejeta ya gari niliyoipata kwa muuza vyuma chakavu. Nikamwamkia baba shikamoo, nikaiweka feni mapajani mwake, nikamweleza. Aliigeuzageuza, akasema hajapata kuona seremala wa kuanika mbao kama samaki. Lakini feni hakuirudisha.

Vifaa vingine tuliokota. Kulikuwa na ghala la kahawa la zamani lililokuwa likibomolewa bondeni. Tukapewa madirisha yenye vioo na mbao za kuta, zilizomzidi baba umri. Alizinusa, akasema bado zina kahawa. Akagonga moja kwa kidole, akaniambia nisikilize. Ilitoa mlio mkavu, kama sahani. Hizo zikawa kuta za banda letu. Vioo vikawa paa lililoinamia jua, na chini yake tukaweka mabati makuukuu tuliyoyapaka masizi na oili chafu ili yavute joto. Feni tukaiunga na sola ndogo ya kuchajia simu, isukume hewa ya moto kati ya mbao.

Mzigo wa kwanza niliuharibu mimi. Nilipanga mbao, nikaziba kila tundu, nikaliacha joto lipande linavyotaka. Baada ya siku chache mbao zilikuwa zimepasuka kutoka ncha hadi katikati. Nilitaka kulia. Baba akapitisha kidole kwenye ufa, akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwanangu, ubao si usipa," alisema. "Ukiuharakisha, nje unakauka, ndani unabaki na machozi."

Tukatoboa matundu ya kutolea unyevu. Tukaweka vijiti kati ya ubao na ubao, mawe mazito juu ya rundo, na ncha tukazipaka rangi iliyobaki karakanani, zisipasuke. Mzigo wa pili ulitoka umenyooka.

Karakana ikafunguliwa. Milango na vitanda aliwaachia wengine. Yeye alitengeneza majeneza. Waliofiwa walimkuta na mbao kavu, na vifuniko vyake vilifungwa kwa vigingi vidogo vya mti, vya kusukuma kwa kidole gumba. Asubuhi za baridi aliingia bandani akaketi kwenye kigoda, ameegemeza mgongo ukutani, akiota joto. Nilimwomba aweke kando mbao chache za kwake. Akakataa kabisa, akisema kujiwekea mbao ni kujichuria.

"Ila mimi msinipigilie misumari," alisema. "Nawaomba hilo tu."

Alifariki masika, wiki ya mvua na ukungu mtupu. Nilifika kutoka Lituhi nimelowa, nikaenda bandani kabla hata ya kuingia kwa waombolezaji. Mbao za mlingoti zilizokuwamo zilikuwa zimepangwa siku si nyingi zilizopita. Mafundi aliowafundisha yeye mwenyewe waliweka viganja juu ya mbao, wakatikisa vichwa. Mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, hizi bado. Misumari ipo."

Nilisimama pale na hasira zangu zote. Nilikuwa nimelijenga banda lile ili baba aishi, na alipokufa likashindwa kumpa kitu kimoja alichokiomba. Nikaegemea ukuta, pale alipokuwa akiegemeza mgongo wake. Harufu ya kahawa ikanijia. Nikagonga kwa kidole, ubao ukatoa mlio ule ule mkavu.

"Bomoeni kuta," nikawaambia.

Walifanya kazi mchana kutwa, vioo wameviegemeza kwenye migomba. Kesho yake makaburini, padri alipomaliza, nilipiga magoti nikaweka kiganja kwenye kona ya kifuniko. Haikuinuka. Nikasukuma vigingi kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine, machozi yakinitoka. Hakuna aliyeomba nyundo.