Udi wa Nyumba ya Nne

Mwishoni mwa mwaka 1970 mume wangu alikodi Landrova na dereva wake, Mbaluchi, asubuhi mpaka magharibi, ili anioneshe Maskati. Nilikuwa na wiki tatu tangu nitoke Unguja, na wiki tatu hizo nilichokiona ni ua wa nyumba ya shangazi yake na, nikipanda darini, kipande cha bahari. Binti yangu wa miaka mitatu alikinyooshea kidole kila siku. Nikamwambia mume wangu sitaki ngome wala soko, nataka kushuka pwani mtoto atie miguu majini. Akasema tutashuka Qurum wakati wa kurudi, kabla jua halijazama. Aliahidi mbele ya mtoto.

Shangazi yake akaja nasi, akakaa nyuma na mimi. Milima ya huko ni myeusi, haina jani, imemeguka kama makaa. Shuleni nilisomeshwa habari za mawe yaliyotoka chini ya ardhi yakiwa moto, na siku ile nilitamani kumsimulia mtu. Mume wangu alikuwa mbele anazungumza Kiarabu na dereva. Shangazi aliniambia mawe ni mawe.

Kumbe matembezi yenyewe ni majumba ya jamaa zake. La kwanza humo humo Maskati, la pili Matrah, la tatu Ruwi. Wanaume huku, wanawake kule; tende, kahawa, halua, kahawa tena. Kiarabu changu kilikuwa cha kuswalia tu. Wanawake walinitazama, wakamuuliza shangazi kitu, akawajibu, wakacheka kidogo. Nilikuwa kama kabati lililoshushwa melini, watu wanaangalia kama limekwaruzika.

Nyumba ya tatu nilimkuta bibi aliyewahi kukaa Pemba. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, unalala usingizi?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Papo hapo kikaletwa chetezo cha udi. Nyumba mbili za mwanzo ulipoletwa nilinyanyuka kwa kumfuata shangazi tu. Kwetu udi ukipita ndipo mazungumzo yananoga, basi nikafukiza buibui, nikamfukiza mtoto, nikajikunja vizuri mkekani, nikaanza kumweleza bibi usingizi wangu. Wenzangu wakanyamaza. Naye bibi akawa anatazama mkeka. Nilisema peke yangu karibu nusu saa.

Garini ndipo shangazi aliponieleza kwamba huku udi ndio kwaheri, ukishafukizwa unanyanyuka.

"Umewakalia watu kama umehamia," akasema.

"Mbona hukunambia?"

"Nilidhani umesoma."

Nyumba ya nne ilikuwa Ghubra. Tulifika jua limeshainama. Kahawa ikaja, tende zikaja, kisha nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa, nikajua tunapikiwa. Mwanga ukutani ulikuwa unageuka manjano. Mtoto akanivuta ukaya wa kichwani, "Mama, bahari." Nikamnong'oneza shangazi twende. Akasema mgeni haondoki kabla ya udi, na udi huleta mwenye nyumba akipenda yeye.

Nikamgeukia mwenye nyumba. Kwa Kiarabu changu kibovu nikamwambia tunataka udi.

Shangazi alijifunika uso. Mwenye nyumba akanyanyuka, akarudi na chetezo, akakiweka mbele yangu bila ya kunitazama. Nikafukiza buibui; vitunguu vikaendelea kukaangwa.

Neno likamfikia mume wangu upande wa wanaume, tukaondoka, tukatoka kijijini. Halafu akasema, mbele ya dereva, kwamba nimemvua nguo kwa watu wake.

"Uliahidi," nikamwambia.

Qurum jua lilikuwa bado juu ya milima, kiasi cha kiganja. Dereva akasimamisha gari mwanzo wa mchanga. Hakuna aliyeshuka nasi. Nilivua viatu, nikambeba mtoto, nikatembea mpaka majini na buibui langu. Wimbi la kwanza lilimliza. La pili akalipiga teke. La tatu akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu tutoke kwetu, na mimi nikageuka haraka nimwoneshe mtu.

Pwani nzima hapakuwa na mtu. Garini vichwa vitatu vilikuwa vinatazama njia.

Dereva akapiga honi. Buibui lilikuwa limerowa mpaka magotini, na juu bado linanukia udi wa nyumba ambayo sikuitwa tena. Nikamwambia binti yangu asubiri wimbi jingine. Honi ikalia tena. Tukasubiri jingine.