Shikamoo ya Kusimama

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Halfani Abdulnasiri aliishi kwa kuwafundisha watu waache tabia mbaya. Alianza na vyoo, vikaja vyandarua, kisha kunawa mikono. Mwishoni kabisa, alipokaribia kustaafu, wakubwa wake wakampa mada mpya: namna ya kuzeeka bila kudhoofika. Dodoma haikosi semina, na Halfani hakukosa semina. Alikijua kila chumba cha mikutano chenye feni inayozunguka. Alikuwa na sauti nzuri, kalamu tatu za rangi mfukoni, na mchoro mmoja aliouchora ubaoni mara zisizohesabika: ngazi ya vidato vitano. Kidato cha kwanza mtu hajui, cha pili anajua, cha tatu anakusudia, cha nne anatenda, cha tano anadumu.

"Tabia haibadilishwi kwa kelele," alikuwa akiwaambia washiriki. "Mpandishe mtu ngazi."

Kipeperushi cha wazee alikiandika yeye mwenyewe. Kilisema mzee anayekaa kutwa nzima misuli yake huyeyuka kama sukari kwenye chai. Kilimtaka ainuke kitini bila kushika kitu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, atembee, ale kunde, mayai na dagaa badala ya kuishi kwa mkate na chai, na asijifungie ndani peke yake. Halfani alitumia wiki tatu kukiandika, na wiki zote tatu alikuwa amekaa.

Alipostaafu alitulia nyumbani kwake Ipagala pamoja na mkewe, Munira. Binti yao Lulu, aliyeolewa Mwanza, akamtumia baba yake kochi. Halikuwa kochi la mchezo. Lililala nyuma, likanyanyua miguu, na kwenye mkono wake lilikuwa na tundu la kuwekea kikombe. Munira alisema litaziba njia ya jikoni, nalo likaziba. Tangu siku hiyo chai ililetwa, maji yaliletwa, rimoti ililetwa, na kinyozi naye akawa analetwa.

Miaka kumi ikapita hivyo. Kwanza Halfani aliacha kwenda sokoni Majengo kwa sababu ya jua. Jua lilipopungua likaja vumbi. Kisha akagundua kwamba viatu vya siku hizi vinatengenezwa vibaya, havivaliki mpaka mtu asaidiwe. Halafu Ijumaa moja msikitini alishuka kusujudu, imamu akatoa takbira, safu nzima ikainuka, na yeye akabaki chini na paji lake kwenye zulia. Wanaume wawili walimnyanyua kwa kwapa. Kuanzia hapo alisali juu ya kiti cha plastiki mwisho wa safu, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, aliwaeleza wenzake kwa kirefu jinsi dini ilivyoruhusu. Hakuna aliyekuwa amebisha.

Munira ndiye aliyempeleka zahanati. Muuguzi wa wazee alikuwa Priska, Mgogo wa Gulwe, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Alimkalisha Halfani kwenye kiti cha mbao, akamwambia akunje mikono kifuani na ainuke mara tano. Halfani aliyumba mbele, akarudi. Akayumba tena. Mara ya tatu alisema kiti ni kifupi. Priska akaleta kingine, nacho kikawa kifupi. Muuguzi akamwomba amminye mkono kwa nguvu zake zote, akaandika kitu, kisha akampa kipeperushi.

Halfani alivaa miwani, akakisoma mpaka mwisho, akamwonyesha Priska kwamba wachapaji wameharibu neno "misuli" ukurasa wa pili. Yeye hakuandika hivyo.

"Najua ni chako, mwalimu," Priska alisema. "Nilikaa kwenye semina yako nikiwa mwanafunzi. Ile ngazi naikumbuka yote. Wewe mwenyewe sasa uko kidato cha ngapi?"

Halfani alifikiri kwa uaminifu. "Cha tatu. Nakusudia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokiandika."

Priska hakucheka, alikuja kucheka baadaye na Munira. Alikuwa na kikundi cha wazee kumi na saba, wengi wao wanawake, waliokuja kila Jumanne kunyoosha viungo bila kujua kwa nini wanafanya hivyo. Akawaza kwamba mwalimu akiwekwa mbele ya wanafunzi, aibu itamwinua. Akamwomba awe anawafundisha. Lilikuwa kosa lake, na mwenyewe alikiri baadaye.

Maana Halfani alifundisha vizuri mno. Alifika, akawaamkia wote waliomzidi umri, kisha akashushwa taratibu kwenye benchi na hapo hakuondoka. Kwa fimbo mkononi alihesabu: saba, nane, tumia mapaja, tisa, mgongo wima. Alieleza misuli, alieleza mifupa, alieleza kwa nini kunde ni bora kuliko andazi. Baada ya miezi mitatu Mzee Charles, aliyekuwa akija na magongo mawili, alikuja na moja. Lakini mwanafunzi bora alikuwa Mama Loisi, mkulima wa Chemba, aliyeletwa mjini na mwanawe Henry baada ya kuanguka shambani. Kadi yake ilisema ana miaka sabini na minane, na mwenyewe alisema waliojaza kadi walimpunguzia. Kiswahili alijifunza ukubwani, akakitumia kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipoanza alitembea ameshika ukuta. Sasa alikuwa akibeba nusu ndoo ya maji huku Henry akimfuata nyuma akimsihi aitue. Kikundi kizima kiliendelea mbele, isipokuwa mwalimu.

Siku moja walikuja wageni kutoka mkoani kuona kikundi. Walisifu sana, wakataka picha, na mpiga picha akaomba watu wote wasimame. Wazee kumi na saba wakasimama. Halfani akajaribu mara moja. Akajaribu mara ya pili. Mpiga picha akajifanya anasafisha lenzi. Ndipo Mama Loisi alipotoka kwenye mstari, akatanua miguu kama alivyofundishwa, akaweka mgongo wima kama alivyofundishwa, akamshika mwalimu wake mikono yote miwili, akamvuta juu. Kwenye picha Halfani anatabasamu. Ukitazama vizuri utaona mkono wa Mama Loisi umeshika shati lake kwa nyuma.

Jumanne iliyofuata hakwenda. Iliyofuata tena hakwenda. Alisema kikundi sasa kimekomaa, kinaweza kujitegemea.

Munira akaenda kwa Mama Loisi. Wakakaa uani kwa Henry, hapo hapo Ipagala, wakichambua majani ya mlenda, na Mama Loisi akauliza swali moja: kitu gani huyu mzee hawezi kukikataa? Munira alifikiri sana. Mumewe alimkataa daktari, alimkataa binti yake, alimkataa hata imamu, kwa adabu. Kisha akakumbuka baba mkwe wake, marehemu Mzee Abdulnasiri, muuza vitambaa, aliyewalea wanawe kwa kofi na kwa msemo kwamba mkubwa haamkiwi na mtu aliyekaa.

"Nimeishi naye miaka arobaini na mitatu," Munira alisema. "Sijamwona akimpa mkubwa wake shikamoo bila kusimama. Hata akiwa na homa."

"Mimi mkubwa wake?"

"Kwa miaka saba."

"Basi nitapita," Mama Loisi alisema.

Akapita kesho yake asubuhi. Halfani alikuwa amelala kwenye kochi akitazama habari aliposikia hodi, na kumbe mgeni ameshafika mlangoni. Akaanza kuitafuta miguu yake. Alikamata mikono ya kochi, akajisukuma, akarudi, akajisukuma tena. Mama Loisi alisimama akitazama kandambili zake ili asimwaibishe. Mwishowe Halfani akasimama, jasho likimtoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Naomba chumvi."

Akapewa chumvi, akaenda zake. Halfani hajakaa vizuri, hodi tena: amesahau kiberiti. Baadaye akarudisha kiberiti. Halafu akaja kuuliza kama aliacha kitenge chake. Mpaka adhuhuri alikuwa amekuja mara sita, na mara zote sita Halfani alisimama, kwa sababu shikamoo ya asubuhi haimalizi heshima ya mchana. Jioni alimwambia Munira kwa huruma kwamba yule mama amepoteza kumbukumbu. Yeye aliwahi kusoma habari za ugonjwa huo, na lingekuwa jambo jema Henry aambiwe. Munira alisema atalifikiria.

Wiki ya tatu Mama Loisi alianza kusimamia uani. Miguu leo haipandi ngazi, alisema, kwa hiyo ikabidi Halfani amfuate nje. Baadaye akawa anasimamia getini. Na kwa kuwa si adabu kumwacha mkubwa aende peke yake, Halfani akawa anamsindikiza mpaka kwa Henry, mwanzo akipumzika mara nne njiani, kisha mara mbili, kisha wakizungumza njia nzima. Mama Loisi alimletea kunde na mlenda wa karanga kwenye bakuli. Chakula cha mkubwa nacho hakikataliwi.

Alasiri moja Halfani alisikia bomba linavuja, akaenda kulifunga. Alipofika mlango wa jikoni alisimama ghafla, akageuka kulitazama kochi kama mtu aliyesahau kitu. Hakukumbuka kuinuka. Mwezi uliofuata kile kiti cha plastiki msikitini kikapata mwenyewe mwingine.

Alirudi kwa Priska akiwa na kofia mpya. Alikunja mikono, akainuka mara tano, na muuguzi akasoma saa: sekunde kumi na nne. Halfani akamweleza kilichotokea. Mtu hukusudia kwa muda mrefu, alisema, akili inajiandaa chinichini, halafu siku moja anajikuta kidato cha nne. Priska, ambaye Munira alikuwa akimpa habari zote kila wiki, aliandika kwenye kadi na kumpongeza.

Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, Mama Loisi akatangaza kwamba anarudi Chemba kupanda uwele. Henry alibisha mpaka akachoka. Asubuhi ya safari mama yule alipita kuaga, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli, hakutaka kuondoka na jambo moyoni.

"Mdogo wangu," alisema, "chumvi mimi ninayo. Mfuko mzima. Kiberiti pia."

Halfani hakumwelewa.

"Mkeo alisema wewe unakataa kila kitu. Shikamoo tu hukatai. Ndiyo nikawa napita."

Halfani alibaki getini muda mrefu baada ya bajaji kuondoka. Kilichomuuma si kudanganywa. Kilimuuma kwamba mtu wa miaka ishirini na sita kazini amebadilishwa tabia na wanawake wawili wachambua mlenda, na hakuna aliyemtaka ushauri kuhusu mbinu. Lilimkaa moyoni mpaka magharibi. Kisha akamuuliza mkewe, kwa sauti ya kikazi, walikuwa wamepanga mara ngapi kwa siku.

"Kumi asubuhi, kumi jioni," Munira alisema. "Si ndivyo ulivyoandika? Tukashindwa, miguu ya mama mmoja haitoshi. Tulifika kumi na mbili."

Basi Mama Loisi akawa hayupo, na hodi zikaisha. Halfani aliapa ataendelea mwenyewe, kwa kuwa sasa anajua kila kitu. Siku mbili aliendelea. Siku ya tatu kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Siku ya tisa magoti yalilia alipoinuka, na alikaa kitandani akayasikiliza. Kujua hakukumsaidia zamani, na ilionekana hakukuwa na mpango wa kumsaidia sasa.

Akamwita Munira, wakaanza kuwahesabu watu wa mtaani waliomzidi umri. Kwa mtu wa miaka sabini na mmoja hesabu hiyo haichukui muda. Walipata watatu. Wa kwanza alikuwa Mzee Daudi, mwinjilisti mstaafu, aliyekuwa jirani wa pili, karibu mno hata asilete faida. Wa pili alikuwa amesafiri. Wa tatu alikuwa Bibi Jaha, wa miaka tisini, upande wa pili wa barabara kuu, na huyo hakumpenda Halfani hata kidogo. Ujanani Halfani alimposa binti yake, mambo yakafika mbali, halafu akaenda kumwoa Munira.

"Nenda kwa huyo," Munira alisema. "Ndiye wa mbali."

Akaenda asubuhi, kabla jua halijakaza, kwa mwendo wake mwenyewe. Alimkuta Bibi Jaha amekaa barazani juu ya mkeka, anapepeta mchele. Halfani akasimama wima mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Bibi Jaha aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. "Marahaba. Umekuja kuposa?"

"Nimekuja kukuamkia tu."

"Miaka yote hii, leo ndiyo umekumbuka." Alisogea kidogo, akapigapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha nafasi. "Kaa."

Hapakuwa na kiti. Halfani aliutazama mkeka, akatazama kuzunguka: hapakuwa na nguzo, hapakuwa na ukuta wa karibu. Akaketi. Bibi Jaha alimwambia habari za binti yake, kwamba ana wajukuu tisa na duka la vipodozi Singida, na kwamba hajawahi hata siku moja kumwulizia. Halfani alisema amefurahi kusikia hivyo. Kahawa ilikuja, wakanywa, wakamsema vibaya mtu mmoja aliyekwisha kufa.

Alipoomba kuaga, kizee kile kiliweka ungo pembeni kikamtazama vizuri, kione mchumba aliyewakimbia atainukaje. Halfani aliweka kiganja kimoja chini, akaleta goti moja, akaleta mguu wa pili. Ilichukua muda. Bibi Jaha hakumsaidia wala hakumharakisha. Halfani aliposimama, bibi alimwambia tu kwamba kesho awahi, kahawa isipoe.