Safu ya Jina la Baba

Bupe Mwangoka alizijua safu zote arobaini na moja kwa kichwa. Ya kwanza namba ya mgonjwa, ya pili jina, ya tatu ukoo, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa jedwali. Ungemshtua usingizini ukamuuliza ya kumi na tisa ni nini, angekujibu, "Simu ya ndugu wa karibu," kisha akageukia ukutani.

Usidhani alipenda. Kampuni iliyomwajiri pale Annandale, huko ughaibuni, ilitengeneza programu ya mawakala wanaopeleka watu kukaa na wazee majumbani, na aliyeiandika hiyo programu aliondoka zamani bila kuacha hata kikaratasi. Na alikuwa mvivu huyo mtu, Mungu amsamehe! Badala ya programu yake kuliendea jedwali na kusema, "Nipe safu inayoitwa dawa," ilikuwa inasema, "Nipe ya ishirini na sita." Ni kama mwalimu anayewaita wanafunzi kwa namba ya dawati. Siku mtoto mgeni akikalishwa mbele, darasa zima linaitikia majina ya watu.

Mara tatu Bupe alimwomba bosi wake, Lorraine, wiki tatu tu ageuze kila mahali, safu ziitwe kwa majina yake.

"Inafanya kazi," Lorraine alijibu mara zote tatu. "Usiiguse."

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Na kuacha kazi? Thubutu! Karatasi za Bupe za ukaazi zilishikwa na kampuni hiyo hiyo. Akifukuzwa leo, ana siku sitini za kufungasha. Kwa ajili ya karatasi hizo hakwenda Tukuyu kumzika baba yake. Wakili alimwambia, "Ukitoka sasa, usitegemee kurudi," naye akamzika baba kwa simu, amejifungia ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi, mtandao unakatika kila wanapoanza kuimba. Huu sasa ulikuwa mwaka wa pili. Kibali cha kutoka na kurudi kilikuwa kimefika, likizo ya Desemba imekubaliwa, na wadogo zake walishanunua saruji ya kujengea kaburi. Walikuwa wanamngoja yeye, kifungua mimba, ndiye aweke msalaba. Hiyo Desemba ndiyo iliyokuwa inamwinua kitandani kila asubuhi.

Sasa sikiliza alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Kanisani kwao Gaithersburg walikuwepo wazee wawili Wakongomani, wote Gédéon Wilondja, na wote wakihudumiwa kupitia programu ile ile. Mmoja ni Gédéon mwana wa Mlondani, wa pili mwana wa Asumani. Kwao kila mtu anajua, huchanganyi. Lakini jedwali lilikuwa na nafasi ya majina mawili tu, la kati likitupwa, na siku moja dawa ya huyu ikapelekwa kwa yule. Vaileth, dada wa kutoka Mbeya aliyekuwa akimhudumia Gédéon wa Mlondani, alimjia Bupe baada ya ibada amefura.

"Wewe si ndiye fundi wa hayo madude? Mtu ana baba yake, nyie mnamfutia baba!"

Ilimchoma. Akaomba ruhusa ya kuongeza safu moja, jina la baba, na kwa maajabu Lorraine akakubali. Mtu mwingine angeibandika mwisho kabisa, ya arobaini na mbili, asimsumbue mtu. Bupe hakuweza. Jina la baba likae huko nyuma, baada ya namba ya bima? Kwao jina la baba hufuata la mtoto. Akaliweka la tatu, katikati ya jina na ukoo, kisha akapita kwenye programu akisahihisha namba, mahali kumi na tano. Siku mbili alihesabu mpaka macho yakamwuma. Jumatatu jioni akayaachia mabadiliko yake yaanze kazi.

Mahali palikuwa kumi na sita.

Jumanne asubuhi alikuwa barabara ya 270, magari yamesimama, ajali huko mbele, hakuna anayesogea hata hatua. Simu ikalia. Ni kundi la kwaya. Vaileth, ambaye siku zote huipokea bila kuisoma, ametuma picha ya karatasi ya zamu, ile inayomwambia mhudumu mgonjwa wake ni nani na anaishije, na chini yake ameandika: "Jamani njooni mcheke! Babu yangu eti anadhuriwa na Kiswahili!"

Kweli. Kwenye mstari wa "Vinavyomdhuru" palikuwa na neno moja: Kiswahili. Kundi zima likaangua vicheko. Wengine wakasema si ajabu, kwa Kiswahili cha Vaileth kila mtu angedhurika. Bupe naye akacheka, kidogo tu. Halafu akasoma mstari wa chini yake.

"Anachopenda kula: Karanga."

Na Vaileth akaongeza: "Nimeshamtwangia, kisamvu cha karanga kiko motoni, afurahi mzee wa watu."

Bupe akaanza kuzihesabu safu kwa vidole kwenye usukani. Ishirini na mbili, lugha. Ishirini na tatu, vinavyomdhuru. Ishirini na nne, anachopenda. Kila kitu kilikuwa kimesogea nafasi moja, na karatasi ya zamu ilikuwa bado inahesabu kwa hesabu ya zamani. Ilipotafuta cha kumdhuru ikaokota lugha yake. Ilipotafuta anachopenda ikaokota sumu yake.

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, analia sasa, mbele lori, nyuma lori, pembeni ukuta wa zege, hata pa kutokea kwa miguu hapana.

"Da Bupe, umeiona ile..."

"Vaileth, amekula? Babu amekula?"

"Bado, ndio napakua. Kwani vipi?"

"Mwaga! Karanga ndizo zinazomuua! Mwaga sufuria yote, uoshe na mikono!"

Kisha kikasikika kijiko kikianguka kwenye sinki, na Vaileth akaanza kumwita Yesu.

Mzee akawa amepona. Lakini jedwali lilikuwa na wazee elfu moja mia moja na arobaini, Woodbridge mpaka Gaithersburg, na saa ya chakula cha mchana ilikuwa inakaribia. Bupe aliitazama namba ya Lorraine. Angeweza kusema programu ya zamani imeharibika yenyewe, nani angejua? Akaiona Desemba. Akauona na msalaba. Kisha akabonyeza.

"Zima karatasi za zamu zote sasa hivi," alisema. "Piga simu kwa mawakala wote wasimpe mzee yeyote chakula mpaka wasikie kutoka kwetu. Nimekosea mimi."

Lorraine akazima. Hakuna mzee aliyedhurika siku hiyo, sifa kwa Mungu, na sifa kidogo pia kwa foleni iliyomfanya Bupe asome simu.

Alasiri akaitwa. Aliingia amekwisha kujihesabia siku zake sitini.

"Hatukufukuzi," Lorraine alisema, tena kwa upole. "Nani mwingine anazijua hizo namba? Ila likizo ya Desemba haiwezekani tena. Siwezi kukaa wiki nne bila wewe. Na ile safu mpya, iondoe leo."

"Niruhusu basi niziite kwa majina," Bupe alisema. "Nikimaliza hamtanihitaji mimi. Yeyote ataweza."

"Mwakani tutaona. Kwa sasa usiiguse."

Angebisha na nani? Karatasi ziko kwao. Akarudi kwenye meza yake, akairudisha programu ilivyokuwa kabla ya Jumatatu, safu ya tatu ikafutika. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Wazee wote wakabaki bila baba, na kila kitu kikarudi kwenye namba yake.

Jumamosi alikwenda na Vaileth kumwona Mzee Gédéon. Mzee alikuwa kitini karibu na dirisha, kumbukumbu zimemtoka siku nyingi, adabu hazijamtoka.

"Karibu, mama. Weye uko mutoto ya nani?"

"Wa Andwele, mzee. Andwele Mwangoka, wa Tukuyu."

"Eeh. Na yeye iko muzima?"

"Alifariki, mzee."

"Pole, mama. Pole sana." Akamshika mkono, akautikisa taratibu. "Mulimuzika muzuri?"

Vaileth akajifanya anakunja blanketi. Bupe alitaka kusema ndiyo, ni neno dogo tu.

"Bado," akasema. "Bado sijamzika."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatazama magari nje kwa muda. Kisha akageuka, akamkuta mgeni amekaa, akatabasamu.

"Karibu, mama. Weye uko mutoto ya nani?"