Betri Niliyowapa Kwaya

Kwetu Lundo, lori huegeshwa likitazama mteremko. Betri ikifa, unaachia breki, gari linabingirika, unaachia klachi, linawaka. Kwa hiyo betri ya lori ilikuwa pia ya majirani. Leo iko kwenye redio ya mtu, kesho kwenye spika za kwaya.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, kazi ya kubeba mizigo ikaongezeka. Niliuza lori langu la zamani nikachukua jingine la mtumba kutoka nje. Aliyeniuzia pale Songea alinionyesha kisanduku chini ya dashibodi.

"Kompyuta ya injini. Isiingie maji."

Nikakifunga nailoni. Sikuuliza kinafanya kazi gani.

Jumamosi moja kiongozi wa kwaya alikuja kuomba betri kwa mazoezi ya Pasaka. Mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani.

"Wape," alisema. "Wasije wakatuimbia kama vyura."

Nikaifungua, nikawapa.

Kesho yake mchana mke wangu akaanza kutoka damu. Muuguzi wa zahanati akasema apelekwe Mbinga upesi. Nilikimbia kanisani, nikairudisha betri. Ilikuwa imekwisha kabisa, hata taa za dashibodi hazikuwaka. Sikuogopa, maana mteremko ulikuwepo.

Dada yake alimpakata kichwa. Nikaachia breki, kisha klachi. Injini ikazunguka bila kushika. Tukafika tambarare. Wanaume wakasukuma mara ya kwanza, mara ya pili.

"Shemeji, hili la mtumba linataka tambiko?" mmoja alitania. Hakujua nani amelala ndani.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, limekataa?"

"Linakuja," nikamwambia. Niliamini hivyo.

Alifia pale kitini kabla gari tulilotuma liitwe kutoka kijiji cha Kihagara halijafika. Siku ya mazishi kwaya iliimba bila spika. Hakuna aliyenilaumu, hata dada yake.

Miezi ilipita ndipo nikampelekea fundi wa Mbinga kile kisanduku akifungue. Ndani mlikuwa na kibao cha kijani, na juu yake kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo.

"Hii ndiyo chipu," alisema. "Humu imeandikwa dizeli iingie lini na kiasi gani. Lile lori lako la zamani, pampu ilifanya kazi yenyewe. Hili linangoja amri."

Nikamuuliza kama anaweza kuandika humo kwamba betri ikifa, liwake kwa mteremko.

Akacheka. "Mzee, bila umeme chipu haisomi hata neno moja. Ukiandika, utakuwa umemwandikia nani?" Kisha akaniangalia, akaacha kucheka. "Kwani lilikukatalia ukienda wapi?"

"Nilikuwa nakuja huku," nikasema. "Hospitali."

Akakifunga kisanduku taratibu, skrubu moja moja, akanirudishia kwa mikono miwili.