Aliyekunywa wa Kwanza

Sikulazimishi uniamini. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ninalosimulia lilinitokea mimi, si jirani wala rafiki wa jirani, na aliyepatwa nalo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tena halikutokea usiku. Watu hudhani mambo ya namna hii husubiri giza. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, na ziwa lilikuwa limetulia, zito na jekundu kama mawese kwenye beseni.

Wazazi wetu walikimbia vita wakiwa vijana, wakatuzaa kambini, upande wa Kigoma. Baba alipofariki, mimi nilirudi na mama nchini kwao, ng'ambo ya mpaka. Sasa nafundisha shule ya msingi hapa Rumonge. Yoshua alibaki Kasulu kujifunza ufundi wa umeme. Kiangazi kilichopita alikuja kwa wiki mbili, kuiona nchi ambayo alikuwa akiisikia tu kwenye maombi ya mama. Alikuwa amechumbia. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno, na suti alishapimwa kwa fundi. Alitaka kuona kila kitu kabla ya kurudi, ili awe na cha kumsimulia Neema wake.

Nikamtembeza. Kule Minago alipiga picha ndagala, dagaa wa huku, zilizoanikwa mchangani, fedha tupu mpaka macho yakauma. Alisimama saa nzima mbele ya wanaume waliokuwa wakizungusha kinu cha mawese, akauliza maswali mpaka wakampa kinu azungushe mwenyewe, wakamcheka alipochoka. Alinionyesha nyumba ambazo ziwa lilizimeza lilipopanda miaka hii, kuta zimebaki majini kama meno. Mimi nilikuwa nazipita kila wiki bila kuziona. Ndivyo alivyokuwa: alikuonyesha kwako mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Huku kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Anavuta mrija kidogo, anameza, ndipo anakupa kibuyu. Anakuhakikishia kwamba ndani hakuna ubaya. Hata mtoto anajua. Lakini sisi tulikulia kambini, tukinywa maji ya bomba kwa vikombe vya plastiki, na adabu tuliyoishika ilikuwa ya majirani zetu Watanzania: ukipewa, pokea kwa mikono miwili, shukuru, kunywa. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kwenye harusi, nilipokea kibuyu kabla mwenyeji hajaonja, nikavuta. Kisha shangazi wa bwana harusi akasema, "Muacheni. Huyu wa Tanzania, hata sumu atashukuru kwanza." Walicheka mpaka machozi. Kwa miezi kadhaa sokoni niliitwa Asante-kwa-Sumu.

Yoshua sikumwambia. Nilisubiri na yeye anaswe, mbele ya watu, ili nicheke kwa zamu yangu. Nani mwenye mdogo hajawahi kumwekea mtego mdogo kama huo?

Siku tatu kabla ya safari yake tulikwenda kuuona mnara wa taa. Uko kusini, ukishaupita msitu wa Kigwena, kwenye rasi ya mawe. Wazee wanasema Wabelgiji waliujenga ili uongoze meli, na tangu waondoke haukuwaka tena. Gari lilitushusha barabarani, tukaingia kwenye njia ya msituni. Nyani walitufuata wakipiga kelele na kutudondoshea maganda, na Yoshua akawajibu kwa sauti zao. Baada ya msitu ikaja michikichi, safu kwa safu. Mchikichi wa mwisho ulipokoma, nyani wakanyamaza. Hawakuondoka. Walikaa ukingoni wakitutazama, wametulia kama watu waliokuja mazishini.

Mnara ni mfupi kuliko nilivyodhani, mawe matupu na ngazi ya chuma iliyoliwa na kutu. Chini yake kuna nyumba ya chumba kimoja, na mbele ya nyumba mchanga uliofagiliwa. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, amevaa koti refu la buluu lililobaki na kifungo kimoja. Katikati ya miguu yake palikuwa na kibuyu, mrija umeshatiwa, kana kwamba alituona tangu tunashuka garini.

Yoshua alimwamkia shikamoo. Mzee hakuitikia hiyo. Alisema amahoro, salamu ya huku, akatuambia tukae. Alikuwa mchangamfu. Alimuuliza Yoshua anatoka wapi, na aliposikia Kasulu akatabasamu, akataka kujua kama tangu afike amekaa sana na watu wa huku, kama ameshakaribishwa nyumba za watu. Yoshua akamwambia kwamba amekuwa kwa dada yake tu. Mimi mzee hakuniuliza kitu.

Aliingia ndani kuniletea kigoda, akarudi nacho. Hapo ndipo nilipoona. Mchanga kati ya mlango na mahali nilipokuwa ulibaki laini, na mistari ya ufagio haikukatika. Alama zilikuwa za viatu vyangu na vya Yoshua, basi. Nilizitazama, nikazitazama tena. Unafikiri nilikimbia? Nilijiambia ni mwanga wa jua la jioni unanidanganya, nikaketi.

Akainua kibuyu. Alisema ni umutobe, juisi ya ndizi isiyo na kilevi, tusiogope. Akamwelekezea Yoshua.

Nilisubiri aonje. Hakuonja.

Mzee wa umri ule, wa pwani hii, hawezi kusahau kuonja. Na macho yake hayakuwa kwa Yoshua, yalikuwa kwangu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, neno moja tu, "Ngoja." Lakini pamoja nalo mdomoni kulikuwa na kicheko. Nilikuwa nimekisubiri wiki nzima. Nikauma midomo kukizuia, na neno nalo likazuiwa.

Yoshua alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani.

Hakuna aliyecheka. Mzee alitoa pumzi ndefu, kama mtu anayetua mkungu wa chikichi aliokuja nao kutoka mlimani. Akakichukua kibuyu mkononi mwa Yoshua, akanywa yeye sasa, taratibu, kama mgeni.

"Hapa kwetu mwenye nyumba ndiye anakunywaka wa kwanza," alisema. "Weye umekunywa wa kwanza, mutoto yangu. Mimi nakunywa wa pili. Murakoze, asante, umenikaribisha vizuri."

Alivua koti, akamvika Yoshua mabegani. Likamkaa kana kwamba fundi alimpimia. Nikamuuliza mzee anafanya nini, sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mtoto.

"Miye pia nilikuja kutazama tu," akaniambia. Kisha akainama karibu, na pumzi yake haikuwa na harufu yoyote. "Lakini miye sikuwa na dada. Weye ulijua, ukanyamaza."

Akaondoka kuelekea michikichi. Na kila alipokanyaga, mchanga ulibonyea. Visigino, vidole, kila kitu, alama za mtu mzito. Nyani wakampisha.

Nikamshika Yoshua mkono, nikamwambia twende. Alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, upole wa mtu ambaye hutamjua zaidi ya mlangoni.

"Karibu, dada," akasema. "Kaa. Utakunywa nini?"

Nilimburuta. Alikuja bila kubishana, lakini tulipofika kwenye mchikichi wa kwanza alianguka, akaanza kupanua kinywa kama samaki mgebuka aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Nilipomrudisha hatua tatu, akapumua. Nilijaribu tena. Nilijaribu mara nne, mpaka damu ikamtoka puani. Na kila nilipotazama nyuma, mchanga ulikuwa na alama zangu peke yangu.

Kesho yake nilirudi na wanaume sita wa kanisani, na machela. Kwenye mchikichi uleule midomo yake iligeuka buluu, na mmoja wao, mtu asiyeogopa, akasema tumwache kama tunampenda. Mama alimwombea hapo siku tatu bila kula. Neema alivuka mpaka, akaja, akakaa naye alasiri nzima kwenye kigoda. Yoshua alimkaribisha vizuri sana, akamuuliza habari za safari, na hakumuuliza jina. Suti bado iko kwa fundi.

Mnara unawaka siku hizi. Taa nyekundu, ya mawese. Wavuvi wa ndagala wananisifia ndugu yangu, wanasema tangu aanze kazi hakuna mtumbwi uliopiga mwamba. Nawajibu asante. Niseme nini tena?

Kila Jumamosi nampelekea unga wa muhogo na samaki. Mwanzoni alikuwa akionja kibuyu mara tu akikiinua, haraka, kama anayenikinga, ndipo ananipa. Nilikuwa nalia nikimwona, maana hiyo ndiyo sehemu ya Yoshua iliyokuwa imebaki. Jumamosi mbili hizi amekuwa akikishika bila kuonja. Ananielekezea, anasubiri. Mimi ndiye ninayepaswa kunywa, unajua na mimi najua. Namfikiria mama peke yake nyumbani, nasema ndiyo sababu sinywi. Si sababu. Naogopa.

Na Jumamosi iliyopita, nilipoinuka kuaga, aliniambia kwa sauti ya chini: "Dada, niletee wageni. Wale wasiojua."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kutembea na kutazama. Pwani yetu ni nzuri, njoo. Nenda Minago, nenda Kigwena ukawaone nyani. Ukipewa kinywaji popote, mwache mwenyeji aonje kwanza, hata wakikuona huna adabu. Na kama kule sokoni Rumonge utakutana na mwalimu mmoja, mwanamke mpole, akajitolea kukuonyesha njia ya kwenda mnarani, akakuuliza kwanza kama wewe ni mgeni kabisa, usimfuate. Leo nina nguvu ya kukuambia hivi. Sijui Jumamosi nitakuwa nani.