Mtindi wa Kitunguu Saumu wa Baba Mkwe

Mume wangu alipopanda lori la manamba pale Makambako kwenda kukata mkonge Tanga, aliniacha Kitandililo kwa wazazi wake, na mtoto wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Tangu siku hiyo dunia yangu ikawa shamba, mto na jiko. Kwetu kulikuwa Njombe, lakini mke wa kijana wao hakutoka bila ruhusa ya baba mkwe, na kwa desturi yetu mimi nilikatazwa hata kumtazama usoni. Kila neno langu lilipitia kwa mama mkwe.

Masika yale zikaja habari kwamba mama yangu anaumwa. Mama mkwe akaniombea ruhusa, akarudi na jibu: "Mvua zipungue kwanza." Zikapungua, ikaja palizi. Palizi ikaisha, mzee akauliza mume wangu atasema nini akisikia.

Mzee alikuwa hana meno, na viazi vilimkwama kooni. Nikakumbuka chakula cha misheni, nilikokaa usichana wangu nikisaidia watawa jikoni. Nikamimina mtindi kwenye kitambaa safi, nikautundika kwenye boriti mpaka maji yakadondoka, ukabaki mzito. Nikasaga kitunguu saumu na chumvi juu ya jiwe hadi kikalainika, nikakoroga humo. Nilipoonja, ulikuja ukali, kisha ubaridi. Nikajiambia, akishiba vizuri ataniachia niende.

Akashiba kweli. Kutoka jikoni nilisikia kijiko cha mti kikikwangua bakuli. Kesho yake akataka tena, na keshokutwa.

"Mama," nikasema, "sasa niombee."

Akarudi akitazama chini. "Anasema ukienda, nani atamtengenezea?"

Sikulia. Nilirudi kwenye jiwe nikaendelea kusaga. Ukungu ulikaa mlangoni asubuhi nzima, moshi ukakosa pa kutokea, na harufu ya saumu ikaingia vidoleni, kwenye kanga, hata nywele za mtoto wangu. Kila bakuli lililorudi tupu lilinifunga zaidi pale pale.

Siku moja nikamwambia mama mkwe, "Kaa hapa nikuonyeshe."

"Unanifundisha ili ukimbie."

"Ili nikamwone mama yangu."

Alichukua jiwe, akasaga, akakoroga kwenye mtindi. Alipomaliza, mikono bado imelowa mtindi, alisema, "Mama yangu mimi alifia kwetu Ukinga. Niliambiwa baada ya mavuno."

Jumapili baada ya ibada akanivuta pembeni. "Kesho nenda. Nitamwambia vitunguu saumu vimeisha, umefuata vingine Njombe. Lakini mtoto abaki. Ukimbeba, atasema umetoroka."

Nilisafiri juu ya magunia ya mahindi, mikono mitupu, nikigeuka nyuma kila lori lilipopunguza mwendo. Mama nilimkuta karibu na moto, amebaki mifupa.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Nimemwacha, mama."

Alielewa. Akanishika vidole, akavinusa, akacheka kidogo, kisha akakohoa. "Basi usikae sana."

Nililala pale usiku mmoja tu, na huo nao niliumaliza macho wazi, nikisikiliza kifua chake huku nikifikiria mtoto wangu analala na nani. Asubuhi nikarudi Kitandililo na vitunguu saumu nilivyofunga kwenye pindo la kanga.

Mama alifariki kabla ya mavuno. Mjumbe alipofika, nilikaa chini uani, nikingoja kama kawaida mama mkwe aingie kwa mzee kuomba ruhusa. Aliingia, lakini sikusikia akiomba. Nilisikia akisema, "Tunakwenda msibani. Viazi vipo chunguni." Akatoka amejitanda, akamfunga mtoto mgongoni mwake.

Tulipoiacha Makambako alishika ukingo wa lori kwa mikono miwili, akawa anatazama vilima kimoja kimoja. Karibu na Njombe akaniuliza, taratibu, njia ya kwenda Ukinga inapita upande gani. Nikamwonyesha. Aliendelea kutazama huko mpaka tukashuka.